Friji Iliyovalishwa Kitambaa

Vijana wa stoo ya chanjo wamenisumbua tangu siku niliyostaafu: "Mzee Kapele, andika." Haya, nimeandika. Nimemaliza daftari mbili na kalamu ya mganga mkuu ambayo sikuirudisha. Mkiona herufi zimelala, jueni niliishia darasa la pili kwa mapadri, na hilo la pili sikulimaliza, kwa sababu ng'ombe wa baba walikuwa na haraka kuliko mwalimu. Vyeo sitavieleza, havikuwa vingi. Mshahara mnaujua. Nitaeleza friji.

Kazi niliianza misheni, nikipasua kuni za jikoni. Aliyenifundisha ni Sista Klara, mama mmoja mfupi, mkali, mwenye viatu vya kiume. Alikuwa na friji ya mafuta ya taa. Siku ya kwanza kuiona nilicheka kabisa. Chini moto unawaka, juu barafu inaganda. Nikamwambia, "Sista, hawa waliotengeneza walilewa." Alinishika shingo kwa nyuma, akanipigisha magoti sakafuni, akasema, "Tazama moto. Ukiwa wa bluu, friji nzima. Ukiwa wa njano, friji mgonjwa. Mlango usiuulize kitu, mlango hausemi ukweli."

Miezi miwili alinitazamisha moto. Utambi unakatwa kwa wembe, sawasawa, si kwa meno. Bomba la moshi la nyuma linasuguliwa kila wiki, na nyuma ya friji pasiwekwe kitu, hata ufagio. Friji isimame wima. Sista hakuwa na pima maji ya mafundi, alikuwa na sahani. Anaiweka juu ya friji, anamimina maji, maji yakijaa upande mmoja anatia kipande cha ubao chini ya mguu mpaka yatulie. Na friji ikikataa kabisa kupoa, moto ukiwa mzuri, anaipindua kichwa chini miguu juu siku nzima, kisha anaisimamisha na kuiacha ipumzike kabla ya kuiwasha. Nimeponya friji nyingi kwa namna hiyo. Baadaye wataalamu walikuja na vitabu vyao, nikawauliza ukurasa wa kupindua uko wapi. Hawakuwa nao.

Serikali iliponichukua kuwa mtunza friji wa mkoa, nilikuta dunia nzima imehamia Sumbawanga. Nyie mmezaliwa juzi hamjui. Wakati ule wakubwa wa dunia walikuwa wamegawanyika makundi mawili, wakitishana kwa mabomu, na sisi tulisema hatufungamani na upande wowote. Maana yake ni kwamba tulipokea pande zote. Kule Mbeya reli walijenga hawa, lami wakajenga wale, na mpaka leo vinakwenda sambamba kama ndugu wawili wasiosemeana. Kwetu hospitalini walikuja madaktari Wachina, na friji za chanjo zikatoka nchi moja ya Wazungu, nchi ya theluji, ambayo sitaitaja kwa sababu huenda bado inafikiria kutuletea kitu.

Wachina walikaa nyumba moja nyuma ya hospitali. Walilima kabichi wenyewe, na kabichi zao zilikuwa kubwa hata wakulima wa Mpui walikuja kuzitazama. Mkubwa wao, Daktari Liu, alikuwa mpasuaji, mtu mwembamba, mwenye Kiswahili cha maneno kama mia mbili, lakini yote ya kazi. Walikuwa na friji yao ya umeme, ikienda kwa jenereta la hospitali, ndani yake dawa zao.

Wazungu wa theluji wao hawakukaa. Walileta friji, wakabandika kwenye kila mlango karatasi yenye bendera, wakaondoka, wakawa wanakuja kuzikagua. Na walileta masharti. Friji zao zisiwekwe nyama, zisiwekwe bia, jambo ambalo naliunga mkono. Sharti la tatu ni kwamba chanjo zao zisikae katika friji ya nchi nyingine, na dawa za nchi nyingine zisikae katika friji zao. Nilimuuliza ofisa wa mkoa aliyenisomea sharti hilo, "Kwani zikikaa pamoja zitapigana?" Akasema nisilete siasa.

Sasa ikawadia safari ya mgeni. Mkubwa wa wale Wazungu wa friji alikuwa anakuja kutoka kwao kuzindua chanjo ya surua katika kijiji kimoja kipya bondeni, mbele ya Mtowisa. Ni vile vijiji ambavyo watu walikusanywa kutoka huku na huku ili wawe na shule, maji na zahanati pamoja. Shule ilikuwa na mabenchi manne. Maji yalikuwa mtoni kama zamani. Lakini surua ilifurahi sana kukusanyiwa watu. Zamani ilikuwa inatembea siku mbili kutoka nyumba hadi nyumba, sasa ilikuwa inaruka ukuta tu. Wakati ninaoueleza ilikuwa imeshaingia kijiji cha jirani, na huko walikuwa wanazika watoto.

Katika kijiji hicho alikuwa anaishi dada yangu Felista, mdogo wangu wa tumbo moja, aliyeolewa bondeni. Ndiye mwenyekiti wa akina mama. Alikuwa na binti wa mwaka mmoja na kitu, Maria, aliyempata baada ya kupoteza wawili. Kwa hiyo mnaelewa kwamba safari hiyo sikuifanya kwa ajili ya mgeni.

Jumatatu ya wiki ya uzinduzi, ofisi mkoani ikaamua stoo ya chanjo ipakwe rangi, mgeni asije akaona ukuta. Nikaamriwa nitoe friji nje. Chanjo zilikuwa vichupa thelathini na viwili, kila kimoja watoto kumi: ishirini vya kijiji cha dada, kumi na viwili vya Mpui. Vile ishirini nilikuwa nashuka navyo kesho yake, nikavitia kwenye kasha la baridi. Vya Mpui nikavichukua na boksi lao, nikaenda nyumba ya Wachina.

"Daktari, friji yako ina baridi kiasi gani?"

Daktari Liu akafungua, akasoma. "Nne."

"Naomba nafasi. Lakini hizi ni za wale."

Akatazama bendera kwenye boksi. Akaondoa chupa zake mbili, akaweka vichupa vyangu nyuma kabisa, akarudisha zake mbele. "Sijaona," akasema.

Jumanne nikashuka na Landrova ya afya, ule mteremko wa Lyamba lya Mfipa ambao juu unavaa koti na chini unavua shati. Pale zahanati nilimkuta mganga, Mwasomola, kijana wa Mbeya, msomi, mwenye kalamu tatu mfukoni na woga wa wakubwa.

"Shikamoo, Fundi. Umetuletea wokovu."

"Marahaba. Nimeleta friji. Wokovu mwambie padri."

Tukaiweka friji chumba cha nyuma, penye kivuli. Nikaweka sahani, nikatia ubao, nikawasha, nikatazama moto mpaka ukawa bluu. Kipimajoto kilipofika tano nikahamisha chanjo kutoka kwenye kasha la baridi. Nikamwambia Mwasomola, "Usiiguse. Mtu yeyote asiiguse." Asubuhi ya Jumatano nikaenda na gari Mtowisa kuangalia friji nyingine, likaniacha kule likaendelea na safari zake. Alhamisi, siku ya uzinduzi, nikaondoka alfajiri kwa baiskeli ya kuazima.

Nilipofika zahanati watu walishajaa, akina mama wamevaa khanga zao nzuri, watoto mgongoni. Na friji haikuwa chumba cha nyuma. Ilikuwa barazani, mbele, karibu na ngazi ambapo jua la bonde linapiga tangu asubuhi. Imefutwa mpaka inang'aa. Juu yake kopo la maua. Na kuanzia juu mpaka nyuma imevalishwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, kinaning'inia kufunika bomba lote la moshi, chenye maneno KARIBUNI WAGENI WETU kwa uzi mwekundu.

Lazima niwaeleze, maana siku hizi mnaweka vitu popote. Kwa malezi yetu mgeni hatembezwi vyumba vya nyuma. Kitu cha heshima kinaletwa sebuleni, na kitu cha sebuleni hakikai uchi. Redio inavalishwa, kiti kinavalishwa, meza inavalishwa. Friji ya mgeni ikae stoo, uchi, na mgeni anakuja kuitazama? Hakuna mama wa Kifipa angelala usingizi. Walikuwa wameihamisha Jumatano asubuhi, mara nilipoondoka, wanaume sita, kwa uangalifu mkubwa, wima kabisa kama nilivyowafundisha.

Nikapiga magoti. Moto ulikuwa wa njano, unatoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Nikafungua mlango. Kipimajoto kinasoma thelathini na moja.

Felista akaja nyuma yangu, anatabasamu. "Kaka, umeona? Nimefuma wiki tatu."

Nilikiondoa kitambaa, nikakikunja vizuri, nikampa. Yeye si mjinga. Alitazama masizi kwenye kitambaa, akanitazama mimi, tabasamu likaondoka.

"Nimeua dawa," akasema.

"Joto limeiua."

"Joto nimelileta mimi."

Nikamvuta Mwasomola pembeni, nikamwambia chanjo imekufa, haichomwi mtu. Akatoa jasho mpaka kwenye kalamu.

"Fundi, wageni wako mtoni pale wanavuka. Tuchome tu. Wapige picha, waondoke. Mwezi ujao tunaleta nyingine, tunarudia."

"Unarudia na nani? Mama akishaandikiwa kadi, mtoto amechanjwa, amemaliza. Utampata wapi tena? Na surua ikimchukua mtoto mwenye kadi, atakuja tena kwenye sindano yako?"

"Lakini maji hayadhuru."

"Maji hayadhuru. Hata mtoni yapo, wangeenda kuchota."

Magari yakaingia, mawili. La mbele lina bendera, amekaa mgeni, Mzungu mrefu mwekundu, ambaye tulimwita Bwana Yohana kwa kuwa jina lake lenyewe lilitushinda. Kiswahili chake kilikuwa "habari" na "asante". La nyuma lina wakubwa wa mkoa na yule ofisa wa masharti, ambaye ndiye mtafsiri. Kwenye gari la mgeni palikuwa na kasha kubwa la baridi, limejaa barafu, soda na bia. Kumbukeni hilo: siku hiyo, katika kijiji kizima, kitu pekee chenye ubaridi kilikuwa vinywaji vya wageni.

Nilimfuata mgeni kabla hajafika kwenye hotuba. Nikavua kofia. Nikasema, "Mheshimiwa, chanjo iliyo humu imeharibika kwa joto. Naomba asichomwe mtoto."

Ofisa akatafsiri, sentensi ndefu. Bwana Yohana akatabasamu, akanipa mkono, akasema, "Asante, asante."

Mwasomola alikuwa anasikia Kizungu. Nikamuuliza, "Amesema nini yule?"

Akajibu akitazama viatu. "Amesema fundi anashukuru kwa friji nzuri."

Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, maana nilidhani labda ukubwa wa sauti unasaidia kutafsiri. Ofisa akaninong'oneza, "Mzee, unataka kuiaibisha nchi mbele ya wafadhili?"

"Nchi haiugui surua," nikamwambia.

Mkono wa mgeni ulikuwa bado mkononi mwangu. Sikuuachia. Nikamvuta nao hatua nne mpaka kwenye friji, nikafungua mlango, nikauingiza mkono wake ndani mpaka kwenye kiwiko. Askari mmoja akapiga hatua mbele. Bwana Yohana akaukaza mkono kwanza, kisha akaulegeza. Akaweka kiganja kwenye ukuta wa friji. Akachukua kichupa, akakiweka shavuni. Halafu akamgeukia ofisa, akamuuliza neno moja tu, na ofisa akaanza kujibu mengi.

Nilimtafuta Mwasomola kwa macho. Kwa kweli sikumtegemea. Lakini kijana akapanda ngazi, akaanza kusema Kizungu, polepole. Alieleza joto, alieleza kitambaa, alieleza kwamba zipo nyingine Sumbawanga. Hapo akasita, akaniuliza, "Niseme ziko wapi?"

"Sema."

Akasema. Uso wa Bwana Yohana ukawa mwekundu zaidi ya ulivyokuwa. Kisha akaenda kwenye gari lake, akafungua lile kasha, akaanza kutoa bia na soda kwa mikono yake, anazipanga chini kwenye mchanga. Barafu akaiacha. Akampa dereva ufunguo, akaninyooshea kidole mimi, kisha akaunyooshea mlima.

Wakubwa wa mkoa walikumbuka mkutano, wakaondoka na gari lao. Ofisa akabaki, kwa sababu mtafsiri haruhusiwi kuondoka. Bwana Yohana akakaa kwenye benchi la zahanati. Na akina mama walikaa. Hakuna aliyeondoka.

Tulipanda kwa mwendo ambao sipendi kuukumbuka. Daktari Liu alikuwa anatoka chumba cha upasuaji. Nikamweleza yote nikihema.

"Kule wachomaji wangapi?"

"Mmoja."

"Basi wawili," akasema, akavua koti la kazi. Akapanga vichupa vyote kumi na viwili kwenye barafu, akapanda gari la wale, akaweka kasha katikati ya miguu. Njiani dereva akasimama, akakunja bendera akaitia chini ya kiti. Alisema ni kwa ajili ya vumbi. Vichupa vya Mpui vilikwenda hivyo, na watu wa Mpui walisubiri. Nilikwenda kuwaomba radhi baadaye, na walinipokea vibaya, kwa haki.

Tulifika jua limeshaanza kushuka upande wa mlima. Bwana Yohana akamwona nani anashuka kwenye gari lake. Wakatazamana. Hawakuwa na lugha moja isipokuwa ya kwetu.

"Habari," akasema Mzungu.

"Nzuri," akasema Mchina.

Mazungumzo ya kimataifa yakaishia hapo, na kazi ikaanza. Mwasomola meza moja, Liu meza nyingine, mimi natoa kichupa kimoja kimoja kutoka kwenye barafu. Mpiga picha alipokuja, Liu aliona kamera akajua. Alirudi nyuma hatua moja bila kuambiwa, akiwa bado amemshika mtoto mkono ili asiurushe. Katika picha ile, ambayo imetundikwa ofisi nyingi, mnaona mama, mtoto, Mwasomola na kalamu zake, na friji nyuma inang'aa, tupu. Mkono unaoshika mtoto hauna mwenyewe.

Sasa hesabu mnaijua. Vichupa kumi na viwili ni watoto mia na ishirini. Waliokuja walizidi. Mabalozi wa nyumba kumi walipanga mstari, na Felista alijiweka mwisho kabisa na Maria. Mwenyekiti hatangulii. Na alikuwa na aibu ya kitambaa. Nilimwona. Ningeweza kumwita. Niliogopa watu wasije wakasema fundi amemletea mpwa wake dawa. Mpaka leo sijui kwa nini maneno ya watu niliyaona makubwa kiasi hicho, mimi ambaye asubuhi ile nilikuwa nimevuta mkono wa mgeni wa serikali.

Liu alikiinua kichupa cha mwisho kwenye mwanga, akavuta, akamchoma mtoto aliyekuwa mbele yake. Akanitazama. "Imekwisha."

Mbele ya Felista walikuwa wamebaki akina mama kama kumi na watano. Mwasomola aliwaambia mwenyewe, na hakuandika kadi yoyote ambayo si ya kweli, hilo nampa. Walianza kuondoka. Felista akaja mpaka mezani, akachungulia ndani ya kasha.

"Kaka, kuna nini humo?"

"Barafu tu."

"Basi nipe barafu. Huyu hajawahi kuiona."

Nikampa kipande. Maria alikishika, akashtuka, akakiangusha, akacheka, akataka tena. Nikampa tena.

Chanjo nyingine ilichukua wiki tano kutoka Dar es Salaam. Mara haikuwepo, mara ipo na mafuta ya gari hakuna. Nilipewa barua ya onyo kwa kumshika mgeni mkono bila idhini. Daktari Liu alipewa onyo lake na wakubwa wake, hakuniambia maneno yake, aliniletea kabichi tu. Niliposhuka na vichupa vipya sikupitia zahanati, nilikwenda kwa Felista. Maria alikuwa amelala gizani, macho yamevimba, siku ya tisa ya surua. Aliishi. Jicho la kushoto lilifunga utando na halikufunguka tena.

Kabla ya mwaka kwisha niliitwa ofisini mkoani. Yule ofisa alikuwa na ripoti ya uzinduzi, imechapwa kwa mashine, inakwenda nchi ya theluji. Ilihitaji sahihi yangu kama mtunza friji. Akanisomea haraka: friji ilifanya kazi kama ilivyotarajiwa, watoto wote wa kijiji wamechanjwa, orodha ya majina imeambatishwa.

Nikamwambia, "Kijana, mimi nimesoma mpaka la pili, macho yangu yanachelewa. Nionyeshe Maria yuko mstari wa ngapi."

"Maria yupi?"

"Wa Felista."

Akapitisha kidole ukurasa wa kwanza. Akafungua wa pili, akapitisha. Akafungua wa tatu. Mimi nilikaa kwenye kiti, kofia magotini, nikimsubiri. Alipofika mwisho akarudi tena ukurasa wa kwanza, akaanza upya, polepole. Alipomaliza mara ya pili alifunga faili, na kalamu hakunipa.

Ripoti ilikwenda bila sahihi yangu. Nasikia ilipokelewa vizuri.